Matone ya mama yanaishia shavuni

Pole, dada, na mama mfikishie pole zangu. Umeuliza kama kipo kifaa cha kumsaidia mwenye presha ya macho ambaye mikono inatetemeka, aweze kujitilia matone ya dawa machoni. Kipo: kishikio cha plastiki kinachovalishwa kichupa cha dawa, kikakaa juu ya jicho kama kikombe kidogo, tundu likielekea katikati. Vingine vina mikono mirefu ya kurahisisha kubinya. Nenda dukani na kichupa chenyewe, kwani kishikio kimoja hakitoshi vichupa vyote.

Ila kabla ya kutoa hela, mlaze chali kwanza. Avute kope la chini litengeneze kimfuko, aegemeze mkono wenye dawa kwenye paji la uso, adondoshe tone moja. Moja tu! Tone huwa na mikrolita 30 hadi 50, na jicho haliwezi kubeba zaidi ya 30 hivi. La pili linamwagika bure, ndiyo maana kichupa kinaisha mapema. Kisha afumbe macho bila kupepesa, abonyeze kona ya karibu na pua dakika 2 ili dawa isishuke kooni. Ncha isiguse jicho. Kama ana dawa mbili, apishanishe dakika 5.