Sigara katika stesheni za reli za Uingereza: majibu kwa maswali yenu

Wasomaji wanaoishi Uingereza, pamoja na wale wanaojiandaa kwenda kuwatembelea jamaa zao huko, wametuletea maswali kuhusu uvutaji wa sigara katika stesheni za treni. Tumeyafupisha na kuyajibu hapa yale yanayojirudia zaidi.

Nilisimama mwisho kabisa wa jukwaa, mahali pasipo na paa wala ukuta, na hapakuwa na mtu karibu nami. Mfanyakazi wa stesheni akanijia na kuniamuru nizime sigara. Nilivyoelewa, sheria inahusu ndani ya majengo tu. Je, alikuwa na haki?

Alikuwa na haki, ingawa ulichokielewa nacho kina ukweli ndani yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2006, ambayo sehemu yake ya sigara ilianza kutumika England tarehe 1 Julai 2007, inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma na ya kazi yaliyozibwa kabisa au kwa sehemu kubwa. Mahali huhesabiwa kuwa pamezibwa kwa sehemu kubwa pakiwa na paa, na nafasi zilizo wazi katika kuta zake zikawa hazifiki nusu. Mlango au dirisha linaloweza kufungwa halihesabiwi kuwa nafasi wazi. Kwa kipimo hicho, ukumbi wa tiketi na chumba cha kusubiria vimo ndani ya sheria, na jukwaa lako halimo.

Lakini reli ina sheria ndogo zake, zilizotungwa mwaka 2005 kwa mamlaka ya Sheria ya Usafiri ya mwaka 2000. Kifungu cha 3 kinamkataza mtu yeyote kuvuta sigara, au hata kushika sigara, njiti au kiberiti cha gesi kilichowashwa, mahali popote pa reli ambapo pana tangazo la kukataza. Sheria ya afya ilipoanza kutumika mwaka 2007, wenye reli waliamua kuzifanya stesheni zao zote kuwa mahali pasipovutwa sigara, majukwaa ya wazi yakiwemo. Kwa hiyo mfanyakazi yule hakuhitaji kupima paa wala kuta. Tangazo lililobandikwa pale lilitosha.

Naelewa ubaya wa moshi kwa afya, lakini kwa nini watu wa reli ni wakali kuliko hata wenye hoteli?

Kwa sababu reli ilizika watu. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ya King's Cross jijini London, moto ulizuka chini ya ngazi za umeme zilizokuwa na vidato vya mbao. Taarifa za kwanza zilitolewa karibu saa 1:30 usiku, na walioutazama walisema ni moto mdogo tu. Robo saa baadaye ulilipuka kwa ghafla na kuuvamia ukumbi wa tiketi uliokuwa juu ya ngazi hizo, na watu 31 wakapoteza maisha. Mmoja wao alikuwa Colin Townsley, ofisa wa zimamoto kutoka kituo cha Soho, ambaye mwili wake ulikutwa karibu na abiria ambaye yaelekea alikuwa akijaribu kumwokoa.

Uchunguzi rasmi ulioongozwa na Desmond Fennell, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1988, uliona kuwa chanzo kinachoelekea zaidi ni njiti ya kiberiti iliyodondoshwa na abiria ikiwa bado inawaka, ikapenya kwenye mwanya kando ya vidato na kuangukia grisi iliyochanganyika na vumbi, nywele na vipande vya karatasi vilivyojikusanya chini kwa miaka mingi. Wachunguzi walikuta pia alama za moto mdogomdogo wa zamani uliowahi kuwaka mahali hapo na kuzimika wenyewe. Walijifunza vilevile jambo ambalo wataalamu hawakulijua kabla ya hapo: katika mfereji unaopanda kwa mwinamo mkali kama ule wa ngazi za umeme, ndimi za moto hulala na kupanda zikiambaa sakafu ya mfereji badala ya kusimama wima, zikikausha na kupasha mbao zilizo mbele yake mpaka zote zinawaka kwa mkupuo.

Ninaloomba wasomaji walizingatie ni kwamba marufuku ilikuwepo tayari. Sigara ilikatazwa ndani ya treni za chini ya ardhi mwaka 1984, na katika stesheni zilizo chini ya ardhi Februari 1985, baada ya moto mwingine uliotokea Oxford Circus Novemba 1984. Kwa zaidi ya miaka miwili abiria walikuwa wakijua kuwa haifai, na bado wengi walikuwa na mazoea ya kuwasha sigara wakiwa kwenye ngazi za kutokea, kwa kuwa walijiona wameshafika nje. Mfanyakazi wa reli anayekufuata hadi mwisho wa jukwaa kwa ajili ya sigara moja anarithi kumbukumbu hiyo, hata kama yeye mwenyewe alizaliwa baadaye, na mimi siwezi kumlaumu.

Mjomba wangu anakuja kututembelea kutoka Mombasa, naye ni mvutaji wa siku nyingi. Akikosea, atafungwa?

Hatafungwa kwa sigara peke yake. Akivuta mahali panapohusika na sheria ya afya, ofisa wa halmashauri anaweza kumwandikia faini ya papo hapo ya pauni 50, inayopungua hadi pauni 30 akiilipa ndani ya siku 15. Jambo likifika mahakamani faini inaweza kufikia pauni 200. Kuvunja sheria ndogo za reli ni kuzito zaidi, kwani mahakama inaweza kutoza hadi pauni 1,000. Mara nyingi mtu huambiwa kwanza azime sigara au atoke nje, na anayetii kwa adabu huishia hapo.

Mkumbushe mjomba kwamba haya si mageni kwake. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa maana hiyo sheria ya nyumbani kwake ndiyo inayotaja kifungo.

Je, sigara za kielektroniki zinaruhusiwa? Hazina moto.

Haziruhusiwi katika treni wala stesheni. Ni kweli kwamba Sheria ya Afya ya 2006 inazungumzia kitu kilichowashwa, hivyo sigara ya kielektroniki haikuingia humo. Wanaoikataza ni wenye reli kwa masharti yao ya usafiri. Usijifiche nayo chooni.

Mbona Ujerumani niliona watu wakivuta jukwaani bila kuguswa?

Bila shaka walikuwa ndani ya eneo lililochorwa mistari ya manjano. Stesheni nyingi za Ujerumani zimetenga maeneo hayo kwenye majukwaa ya wazi, na nje ya mistari hairuhusiwi. Uingereza haikufuata mpango huo.

Babu yetu hutumia ugoro. Naye atazuiwa?

Hapana. Sheria hizi zinahusu kitu kinachowaka, kiasi kwamba mtu aliyeshika tu sigara iliyowashwa bila kuivuta huhesabiwa kuwa anavuta. Ugoro hauwaki. Ajihadhari tu asiteme mate ovyo, kwa maana hilo litamletea matatizo mengine.

Nina ujauzito, na kila asubuhi kuna mtu anayevuta sigara karibu nami jukwaani. Naogopa kugombana naye. Nifanye nini?

Pole sana, dada, na usigombane naye. Mwambie mfanyakazi wa stesheni, au kondakta ikiwa uko ndani ya treni, kwa kuwa kuhakikisha sheria inafuatwa ni wajibu wao: katika maeneo yaliyozibwa, msimamizi anayeacha watu wavute anaweza yeye mwenyewe kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Stesheni ikiwa haina mfanyakazi, unaweza kuwatumia Polisi wa Usafiri wa Uingereza ujumbe mfupi kwa namba 61016, ukitaja jina la stesheni, namba ya jukwaa na saa. Hiyo ni namba ya mambo yasiyo ya dharura. Kwa kuwa mtu huyo huja kila asubuhi kwa wakati uleule, taarifa yako itawasaidia kujua ni lini waje. Wakati huo, sogea upande ambao upepo unatokea, ili moshi wake usikufikie wewe na mtoto.