Maswali ya Wasomaji: Kiraka cha Bati kwenye Peugeot 404

SWALI: Ninafufua Peugeot 404 ya mwaka 1967 niliyoachiwa na marehemu baba. Bati la juu ya gurudumu la nyuma lililiwa na kutu, nami nikakata kiraka kutoka kwenye bati la kuezekea, nikakikunja kwa goti na kukichomelea kwa mstari mmoja mfululizo. Sasa ubavu umejaa mawimbi, na fundi ananishauri niyazibe kwa puti. Je, nimsikilize? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kwa hili usimsikilize. Puti nene itaficha mawimbi kwa muda, kisha itapasuka, kwa sababu bati lililo chini yake bado linavutana. Kitoe kiraka hicho uanze upya.

Bati lenyewe halikufaa. Mabati mengi ya kuezekea ni magumu, na ukiyagonga ili yavimbe hupasuka kabla ya kuvutika. Zaidi ya hayo, zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaoweza kumletea mchomeleaji homa na kutetemeka saa chache baadaye. Tafuta bati la chuma laini lisilo na zinki, lenye unene wa milimita 0.8 hadi 1, linalolingana na la gari lako. Boneti ya gari kuukuu isiyo na kutu hufaa sana. Wapo wanaokata mapipa ya mafuta, lakini mvuke uliobaki ndani ya pipa huweza kulipuka cheche ikiufikia, nami nisingemshauri mtu ajaribu.

Kazi kubwa iko kwenye umbo. Ubavu wa gari hilo umepinda pande mbili kwa pamoja, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka juu kwenda chini, ilhali bati lililokunjwa kwa goti hupinda upande mmoja tu. Laza karatasi ngumu kwenye ubavu wa pili, ikiwa ni mzima, na uitazame: inapojikunja pembezoni, hapo bati litakuwa limezidi, kwa hiyo ama katikati itanuliwe ama ukingo upunguzwe. Igeuze karatasi hiyo kabla ya kuchora, la sivyo utapata kiraka cha ubavu usio na tatizo.

Chonga shimo la kina kifupi kwenye gogo, weka bati juu yake, na uligonge kwa nyundo ya mbao ili lizame kidogo kidogo. Ukingo utaota mikunjo. Usiiache ikajilaza, bali igonge taratibu ishuke, kwa maana hapo ndipo bati linapojikusanya na kupungua. Baadaye lilainishe kwa nyundo bapa huku umeshika chuma kizito chenye uso laini upande wa nyuma. Sauti kali hukuambia kwamba bati limebanwa katikati ya vyuma viwili, na sauti nzito kwamba umekosa. Pitisha kiganja chenye glavu nyembamba ya pamba, maana mkono huhisi bonde ambalo jicho halilioni. Kiraka kiko tayari pale tu kinapokaa mahali pake bila kukandamizwa. Kile unachokilazimisha kwa koleo kitarudisha mawimbi yale yale.

Kizungushe pembe zake, kikutane na bati la gari ukingo kwa ukingo bila kupandiana, kwa kuwa maungio yaliyopandiana huhifadhi maji. Chomelea nukta moja moja, zikiwa zimeachana sentimita 2 au 3, ukihama upande huu kwenda ule na kuacha kila nukta ipoe yenyewe, kisha jaza nafasi zilizobaki kwa nukta vivyo hivyo. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa na kuvuta bati la jirani. Ndiyo sababu mstari wako mmoja uliharibu ubavu mzima. Saga nukta hizo kwa grainda bila kulipasha bati moto mwingi, kisha uzigonge juu ya chuma kile cha mkononi ili maungio yatanuke tena. Baada ya hapo, puti isiyozidi milimita moja au mbili juu ya praima haina ubaya, mradi upande wa ndani pia upakwe praima.