Jibu kwa mleta mada: nguvu ya seli za lithiamu inatoka wapi kiwandani

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini kila mara tunasoma habari za betri ya maajabu kutoka maabara halafu sokoni haionekani, na wakati huohuo seli tunazotumia zinazidi kuwa na nguvu kimyakimya. Mchangiaji mmoja hapo juu amejibu kwamba siri yote ni kemia, kiwanda kazi yake ni kufungasha tu. Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha seli, kwanza idara ya kupaka elektrodi (zile ncha mbili za seli, kathodi ambayo ni chanya na anodi ambayo ni hasi), baadaye idara ya chaji ya kwanza. Kwa heshima zote naipinga hoja hiyo. Nimeona seli za unga uleule, gundi ileile na muundo uleule, zilizotoka wiki tofauti, moja ikidumu na nyingine ikichoka mapema.

Kemia ina sehemu yake na sibishi. Kathodi ya oksidi ya kobalti ilielezwa na mwanasayansi John Goodenough na wenzake mwaka 1980, Akira Yoshino akaiunganisha na anodi ya kaboni, Sony ikaipeleka sokoni mwaka 1991. Seli zile za mwanzo zilibeba takriban wati-saa 80 kwa kilo. Leo seli nzuri zenye nikeli nyingi zinavuka 250. Ila watu husahau kwamba Sony ilikuwa inatengeneza kanda za sumaku. Kupaka safu nyembamba ya unga juu ya mkanda unaokimbia, kuikausha na kuikata ilikuwa kazi yao ya kila siku kabla hawajagusa lithiamu. Ujuzi wa mashine ulikuwepo tayari, na nadhani hilo lina uzito kuliko wanavyolichukulia wanaosimulia historia hii.

Twende kwenye kupaka kwenyewe, maana hapa ndipo pana utajiri. Unga wa kathodi, kaboni laini ya kupitisha umeme na gundi ya PVDF huchanganywa na kiyeyusho kinachoitwa NMP hadi kuwa tope zito. Upande wa anodi, grafaiti huchanganywa kwa maji na gundi zake. Tope linatoka kwenye mdomo mwembamba wa chuma na kutua juu ya mkanda wa foili, alumini kwa kathodi, shaba kwa anodi, na mistari ya kisasa huukimbiza mkanda huo zaidi ya mita 50 kwa dakika. Uzito wa tope kwa kila sentimita ya mraba hautakiwi kupishana zaidi ya asilimia moja au mbili, tangu roli inaanza hadi inaisha, kulia hadi kushoto, juu na chini ya foili.

Kwa nini ukali wote huo? Wakati wa kuchaji, ayoni za lithiamu (atomi zake zenye chaji) hutoka kwenye kathodi na kuingia ndani ya grafaiti. Pale ambapo kathodi ni nzito kuliko anodi inayoitazama, ayoni zinakosa nafasi, na lithiamu inaanza kuganda juu ya anodi ikiwa metali. Hapo uwezo unapungua, na hatari ya moto inasogea. Kwa hiyo mbunifu wa seli huiwekea anodi akiba: inabeba asilimia kadhaa zaidi ya kathodi, na huikata iwe pana kidogo kila upande. Akiba hiyo ni uzito usiokupa umeme wowote. Kiwanda kinachopaka ovyo kinalazimika kuweka akiba kubwa, kinachopaka kwa usahihi kinaipunguza na kujaza nafasi hiyo kwa kitu kinachobeba chaji. Hivi ndivyo wati-saa zinavyoongezeka bila jina jipya la kemia kutajwa popote, na hii ndiyo sababu nasema kiwanda hakifungashi tu.

Kwenye zamu tulikuwa tunakata viduara vitatu kwenye mkanda, kushoto, katikati na kulia, tunaviweka kwenye mizani nyeti na kulinganisha. Pembeni ndiko kulikosumbua kuliko kote. Tope hupenda kujikusanya ukingoni, na ukiangalia kwa jicho huoni kitu. Lakini mikromita chache za ziada zikijirudia kwenye mamia ya mizunguko ya roli moja, ukingo unavimba, foili inavutika, na mkanda unafika kwenye mashine ya kubana ukiwa na mawimbi. Fundi mzoefu alikuwa anapitisha mkono juu ya roli iliyokwisha kukunjwa na kukwambia palipoharibika kabla kompyuta haijachora grafu.

Kukausha ndiko kunakoamua kasi ya kiwanda kizima. Tanuri zina urefu wa makumi ya mita, na NMP huchemka kwenye nyuzi 202, hivyo joto na hewa vinavyotumika ni vingi mno, na mvuke wake lazima unaswe na kurudishwa kwa sababu ni sumu kwa uzazi. Kila msimamizi anataka mkanda ukimbie zaidi. Ukipandisha joto kupita kiasi mwanzoni, kiyeyusho kinapanda haraka kikibeba gundi kwenda juu, na chini, pale unga unapotakiwa kushika foili, gundi inabaki haba. Elektrodi ya namna hiyo hutoka tanuri ikiwa nyeusi, laini, ya kupendeza. Kisha unabandika utepe wa gamu juu yake, unauvuta, na safu yote inanyanyuka ikaacha alumini inang'aa. Nimeshuhudia mabishano makali juu ya utepe huo mmoja, uzalishaji upande huu na ubora upande ule.

Ndiyo maana elektrodi nene, ambayo kila mtu anaitamani kwa kuwa inapunguza foili na kitenganishi (utando unaotenganisha kathodi na anodi) kwa kila wati-saa, si suala la kuongeza tope tu. Ikiwa nene zaidi inapasuka ikikauka, gundi inahama zaidi, na ayoni zina safari ndefu kupenya hadi chini. Wanaotumia miali ya infraredi au leza kukausha, na wanaopaka tabaka mbili zenye gundi tofauti, ya chini ikiwa na gundi zaidi, wanapambana na tatizo hilihili. Kwangu mimi, upakaji wa tabaka mbili ni hatua kubwa isiyozungumzwa vya kutosha.

Njia nyingine ni kuacha kiyeyusho kabisa. Tesla waliinunua kampuni ya Maxwell mwaka 2019 kwa ajili ya teknolojia ya elektrodi kavu: unga unachanganywa na plastiki iitwayo PTFE (Tefloni), unasuguliwa hadi PTFE inavutika kuwa nyuzi zinazoshika chembe pamoja, kisha roli zinaubana kuwa utando unaobandikwa kwenye foili. Hakuna tanuri refu wala NMP. Maelezo ni mafupi, utekelezaji ukachukua miaka. Kwenye seli zao kubwa za mviringo ziitwazo 4680, anodi ilitangulia, kathodi ikawasumbua sana, kwa kuwa chembe za kathodi ni ngumu na zinakwangua roli. Nayo anodi ina shida yake: PTFE humenyuka na lithiamu kwenye chaji ya kwanza na kula sehemu ya lithiamu ya seli.

Katika seli hiyohiyo ya 4680, iliyotangazwa Septemba 2020, kilichonivutia zaidi ni ukingo wa foili kugeuzwa kuwa mkusanyaji wa umeme. Kwenye seli ya mviringo ya kawaida umeme husafiri kwenye urefu wa mkanda hadi ufikie kijiulimi cha chuma kilicholehemewa. Ukiongeza kipenyo, mkanda unarefuka na joto linapanda. Ukingo mzima ukikunjwa na kulehemewa kwa leza, umeme unakatiza upana tu, sentimita zisizozidi nane. Kemia haijaguswa hapo.

Kuhusu kubana kwa roli nitasema kifupi: unapunguza mianya ndani ya elektrodi hadi karibu asilimia 30; ukibana kupita kiasi, elektroliti (kimiminika kinachopitisha ayoni) haipenyi, ukibana kidogo mno unapoteza nafasi.

Unyevu sasa. Chumba cha kuunganishia seli hukaushwa hadi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda) kiwe nyuzi 40 chini ya sifuri au chini zaidi, kwa sababu chumvi ya LiPF6 iliyo kwenye elektroliti ikikutana na maji hutoa asidi ya hidrofloriki, na asidi hiyo inaila kathodi toka ndani. Chanzo kikubwa cha unyevu humo ni binadamu. Tunapumua, tunatoka jasho, kwa hiyo idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwa wakati mmoja inahesabiwa, na mlango wa pili haufunguki kabla wa kwanza haujafungwa. Unatoka zamu midomo imepasuka na macho yanawasha.

Halafu vumbi la chuma. Chembe ya chuma usiyoiona, iliyotoka kwenye kisu cha kukatia au kwenye bomba, huyeyuka upande wa kathodi na kujijenga upya upande wa anodi hadi inatoboa kitenganishi. Mwaka 2006 Dell waliita kompyuta mpakato zirudishwe kwa ajili ya betri milioni 4.1, seli zilitoka Sony, na chanzo kilikuwa chembe za metali ndani yake. Kwenye gari la umeme la Chevrolet Bolt, nalo lililoitwa lirudishwe kwa sababu ya betri, kasoro mbili zilikutana ndani ya seli moja: kijiulimi cha anodi kilichochanika na kitenganishi kilichokunjika. Kwenye matukio hayo yote mawili kosa lilizaliwa kwenye mashine.

Idara niliyoipenda zaidi ni ya chaji ya kwanza. Seli ikishajazwa elektroliti na kuloa vya kutosha, huchajiwa polepole, na juu ya grafaiti hujengwa utando mwembamba sana kutokana na elektroliti iliyovunjika. Utando huo unapitisha ayoni na kuzuia elektroliti isiendelee kuvunjika. Kuujenga kunakula karibu moja ya kumi ya lithiamu yote ya seli, na haitarudi. Baadaye seli huwekwa kwenye vyumba vyenye joto kwa siku au wiki, volti ikipimwa mwanzo na mwisho. Ile inayoshuka kwa milivolti chache kuliko wenzake inatolewa, kwani mahali fulani ndani yake umeme unavuja. Ni ghala zima la seli zimekaa tu zikisubiri, mtaji umelala, na kila kiwanda kinatafuta jinsi ya kufupisha muda huo.

Mwaka 2024 watafiti wa maabara ya SLAC na Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Taasisi ya Utafiti ya Toyota walitoa matokeo yaliyonishtua, maana yalikwenda kinyume na tulivyofundishwa. Walichaji mara ya kwanza kwa mkondo mkubwa, dakika 20 badala ya saa 10 hivi, na maisha ya seli yakaongezeka kwa wastani wa asilimia 50. Lithiamu iliyopotea mwanzoni ilikuwa nyingi zaidi, karibu asilimia 30 badala ya 9, lakini nafasi iliyoachwa wazi kwenye kathodi ikaisaidia ifanye kazi kwa utulivu miaka ya mbele. Sijui jambo jingine la miaka ya karibuni linaloonyesha wazi hivi kwamba seli ileile inaweza kuwa seli tofauti kwa jinsi ulivyoishughulikia.

Kama bado unadhani fedha na kemia vinatosha, itazame kampuni ya betri ya Northvolt ya Sweden. Ilianzishwa mwaka 2016, ikapata mikopo na oda kubwa, BMW wakafuta oda ya euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 ikaomba kufilisika nchini kwao. Sababu hazikuwa moja, ila kutofikia kiasi na ubora wa uzalishaji uliokusudiwa ilikuwa kubwa kati yao.

Sasa swali lako la mwisho, jinsi ya kusoma tangazo la betri mpya. Tafuta kwanza ukubwa wa seli iliyopimwa. Ikiwa ni seli ya kitufe, ile ndogo ya majaribio ya maabara, bado hakuna aliyepaka hata mita kumi za mkanda. Angalia uwezo kwa sentimita ya mraba: seli za kibiashara ziko kati ya miliampea-saa 3 na 5, na chini ya 1 hata matokeo mazuri hayakwambii mengi. Angalia elektroliti ilikuwa kiasi gani, kwa sababu ukiilowesha seli kupita kiasi inadumu vizuri sana maabara. Kwa anodi zenye silikoni, uliza silikoni ni asilimia ngapi, kwani ikijaa lithiamu inavimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake. Kwa betri za elektroliti ngumu, uliza zilipimwa zikiwa zimebanwa kwa shinikizo gani, na kama elektroliti ni ya salfaidi (yenye salfa), uliza chumba kilikuwa kikavu kiasi gani, maana hizo zikikutana na unyevu hutoa gesi ya sumu ya hidrojeni salfaidi.

Umesema una karatasi za vipimo za seli mbili unazolinganisha. Ziweke hapa, hasa ukurasa wenye mkondo wa juu wa kuchaji katika nyuzi joto tofauti na ukinzani wa ndani, tuzisome pamoja.