Mama Rehema wenu ni mjane au ana mume?

Ndugu, umesema mko waandishi watano mnaoandika hadithi zenye wahusika walewale, na Mama Rehema wenu, muuza uji wa stendi, kwenye hadithi ya pili ni mjane, ya nne anapigiwa simu na mumewe. Pole, najua inavyouma kurudia kazi. Fungueni daftari moja la wahusika: umri, kovu, deni, hata anavyomwita mteja. Ukibadilisha jambo, liandike humo siku hiyohiyo. Halafu kila mhusika awe na mwenyewe, yaani aliyemuumba. Mhusika asiuawe wala kuozeshwa bila ruhusa ya huyo aliyemuumba. Waandishi wa mfululizo wa vitabu vya Wild Cards, Marekani, ulioanza 1987, huombana hivyo wanapoazimana wahusika. Mhariri awe mmoja tu, tafadhali. Na lipeni kundi tukio moja la pamoja, mfano sufuria ya uji kumwagika alfajiri, kila mmoja alisimulie alikosimama mhusika wake.