Je, gavana Twining alitoka katika ukoo wa wauza chai?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Kongwa. Tulipofika kwenye mradi wa karanga nilimtaja gavana Edward Twining, na wanafunzi wakaniuliza kama ana uhusiano na jina waliloliona kwenye boksi la chai dukani Dodoma mjini. Je, ni ukoo mmoja, na jina hilo limetoka wapi?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako wana macho. Twining, aliyekuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958, na ambaye mradi wenu wa karanga ulivunjwa akiwa madarakani, alitoka katika ukoo huohuo. Ndugu yake alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya chai. Mwanzilishi wake, Thomas Twining, alizaliwa mwaka 1675 huko Painswick, Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, na mwaka 1706 akaanza kuuza chai katika barabara ya Strand, London.

Jina lenyewe ni la kijiji. Twyning kiko Gloucestershire hiyohiyo, karibu na Tewkesbury, mahali inapokutana mito Severn na Avon, na maana yake ya kale ni "kati ya mito". Majina ya ukoo yalienea Uingereza kati ya karne ya 12 na ya 14, na jina la kijiji aghalabu lilimganda mtu baada ya kukihama, kwa kuwa kijijini kwenyewe lisingemtofautisha na jirani. Muuzaji anayeitwa Mpemba katika soko la Majengo haitwi hivyo akiwa Pemba. Ndiyo maana Smith, yaani mhunzi, lilizuka kila palipokuwa na mhunzi, ilhali Twining lilitegemea wachache waliotoka kijiji kimoja, nalo limebaki adimu.

Lakini uadimu si hati ya undugu, kwani wahamiaji wawili wa koo tofauti wangeweza kupewa jina moja. Walowezi wenye jina hili walikuwa wamekwisha kufika Massachusetts katika karne ya 17, kabla duka la Strand halijafunguliwa. Kwa hiyo jenerali Nathan Twining, aliyeongoza baraza la wakuu wa majeshi ya Marekani kuanzia 1957 hadi 1960, asihesabiwe mjukuu wa muuza chai kwa sababu ya jina tu. Undugu huthibitishwa na vitabu vya ubatizo na ndoa, ambavyo parokia za Uingereza ziliamriwa kuvitunza tangu 1538.

Waeleze pia kwamba mwaka 1958 gavana huyo alipewa cheo cha Baroni Twining wa Tanganyika na Godalming. Kilikuwa cheo cha maisha kisichorithiwa, nacho kilikoma alipofariki mwaka 1967.