Nani Atakwenda kwa Bibi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kuishi imani ya Kikristo ni wajibu wa mtu binafsi au wa jumuiya? Najibu kama Mkatoliki wa Morogoro, maana kwetu swali hili hubisha hodi kila wiki.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogondogo za Kikristo: kaya chache za majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, wanasoma Injili na kujuana shida. Nazipenda kwa moyo wote, ila nimeona pia watu wanavyojificha humo. Mwanajumuiya akiugua, mweka hazina anapokea michango kwa simu, huyu elfu mbili, yule elfu tano, na kila aliyetuma anajiona ameshafika kwa mgonjwa. Hajafika. Mgonjwa anahitaji wa kumchotea maji, wa kukaa naye na kumsomea Zaburi.

Kwetu, katibu akishaita majina kwenye daftari, hatufungi sala mpaka kila asiyeonekana apate mtu wa kumfuata. "Nani atakwenda kwa bibi wa pale kisimani?" Kimya kidogo, kisha mmoja anajibu, "Mimi, Jumanne nikitoka kazini." Jina lake linaandikwa kando ya jina la bibi, na Jumamosi inayofuata yeye ndiye anayeanza kutoa taarifa.

Wakristo wa kwanza wa Yerusalemu walifanya vivyo hivyo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6), mitume waliwaita waamini wote wachague watu, na Luka akawaorodhesha mmoja mmoja: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Naye Paulo, katika Wagalatia 6, anaagiza tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Sioni ugomvi hapo.

Huniuma sana kusikia wafiwa wanahangaikia barua ya mazishi, ile ya kiongozi wa jumuiya ya kuruhusu marehemu azikwe kikanisa, kwa sababu marehemu "alikuwa hahudhurii." Kweli, anakosea anayedhani atamalizana na Mungu peke yake chumbani. Lakini daftari linaloonyesha kwamba hakuja miezi sita linaonyesha pia kama tulimfuata. Kiongozi, kabla hajakataa kugonga muhuri, aufungue ukurasa huo mbele ya wanajumuiya, aulize nani alitumwa kwake, na kama alikwenda.