Pikapu imegoma kutoka P: anza na taa za nyuma, giaboksi baadaye

Mkuu, nimekusoma. Pikapu ya otomatiki imelala hapo Nyakato, Mwanza, siku ya tatu, injini inawaka bila shida, ila mkono wa gia umeng'ang'ania P, ile nafasi ya kuegesha, hata ukanyage breki mpaka paja liume. Umetaja kwa kupita kwamba wiki iliyopita ulifungiwa soketi ya tela la boti, na kwamba fundi ameshakupigia hesabu ya kushusha giaboksi. Mwambie asubiri kwanza. Giaboksi ikichoka, mara nyingi utaijua ukishaingiza gia: gari linachelewa kushika, linateleza, au linapiga kishindo. Mkono kukataa kabisa kutoka P ni ugonjwa mwingine, na dawa yake mara nyingi haifiki bei ya sato wawili wa kukaanga.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta, tena mahali pabaya kuliko pote.

Mimi nabeba samaki. Asubuhi sato kwenye makasha ya barafu, siku nyingine magunia ya dagaa, kutoka soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba kwenda kwa wateja wangu mjini na Igoma. Siku hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimeshapakia. Nyuma yangu kuna Fuso inataka kutoka, ubavuni mikokoteni imepangana. Nawasha, nakanyaga breki, navuta mkono: haujongei. Kitufe cha mkono nacho hakizami. Nazima, nawasha upya, vilevile. Fuso ikaanza honi. Vijana wa mikokoteni wakaanza yao, "Mzee leo kalala na gari!" Kwa hasira nikakanyaga breki mara tatu nne mfululizo, ndipo kuli mmoja aliyekuwa amesimama kule nyuma na gunia begani akaja dirishani.

"Mzee wangu, unakanyaga breki kweli? Mbona huku nyuma giza?"

Hakuwa fundi yule kijana, lakini alimaliza kazi yote kwa swali moja.

Iko hivi. Kwenye magari mengi ya otomatiki, mkono ukiwa P unazuiwa na kipini kidogo kinachosukumwa na sumaku ya umeme, ile mafundi wanaiita selenoidi. Kipini hakiachii mpaka ufunguo uwe umewashwa na breki iwe imekanyagwa. Sasa gari linajuaje kwamba umekanyaga? Halipimi nguvu ya mguu wako. Linategemea swichi ndogo iliyo kule juu ya pedeli, na swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa nyekundu za nyuma. Umeme usipopita pale, gari linakuhesabu hujakanyaga kitu, hata ukisimama juu ya pedeli kwa miguu miwili. Kizuizi chenyewe kiliwekwa kwa nia njema, ili mtoto akichezea mkono wa gia gari lisiondoke naye.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, muite mtu asimame nyuma ya gari lakini upande upande, asiwe njiani mwa gari, halafu ukanyage breki. Taa zote zikiwa kimya, pamoja na ile ya tatu ya juu, shaka iko kwenye fyuzi au swichi ya pedeli. Ikiwa moja tu haiwaki, hiyo ni balbu yake, na balbu moja peke yake haizuii gia.

Pale Mwaloni nilijinasua hivi. Nilivuta hendibreki mpaka mwisho, nikamwomba yule kijana aweke jiwe kwenye tairi (Mwanza mtu hatafuti jiwe, jiwe linakutafuta wewe). Kando ya mkono wa gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kwangu kimeandikwa SHIFT LOCK. Nikakibandua kwa ncha ya kisu, nikachomeka bisibisi nyembamba kwenye tundu, nikabonyeza chini huku mguu uko kwenye breki, nikavuta mkono mpaka N, yaani gia huru. Injini ya otomatiki inakubali kuwashwa kwenye P na kwenye N, kwa hiyo ukishafika N umepona. Kwenye magari mengine tundu hilo limefichwa chini ya kishikio cha vikombe au ndani ya ile ngozi ya mkono wa gia, kitabu cha gari kitakuonyesha. Lakini usije ukafanya hiyo ndiyo namna yako ya kuendesha kila siku. Huna taa za breki, na daladala iliyo nyuma yako haina habari kwamba unasimama. Mimi nilisogea pembeni tu, nikaachia njia, nikakaa.

Fyuzi za kwangu ziko chini ya dashibodi, karibu na goti. Juu ya kifuniko cha sanduku kuna mchoro, tafuta palipoandikwa STOP. Kwangu ilikuwa ya ampea 10, kuna magari yanaweka 15. Niliichomoa nikaielekeza kwenye tochi ya simu: kale kawaya ka ndani kamekatika, kameacha doa jeusi. Nikaweka mpya ya namba ileile. Nilipokanyaga breki nikasikia "tik" ndogo pale chini ya mkono wa gia, na mkono ukatoka laini. Nikajiona fundi.

Kesho yake jioni ikarudi palepale. Kijana mmoja wa mtaani akanishauri niweke fyuzi ya 30, au nisokote uzi wa shaba nimalize. Mkuu, usikubali ujinga huo hata kama una haraka ya kuwahi mazishi. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ukiifunga mdomo, kitakachoungua safari ijayo ni waya uliopita chini ya zulia, na wewe umekaa juu yake.

Nikaenda kwa fundi umeme mmoja Mabatini, mzee asiyependa maneno. Hakugusa gia kabisa. Alizunguka nyuma, akagonga taa ya kushoto kwa kidole, akaniuliza, "Hii ilipasuka lini?" Nikakumbuka, miezi kadhaa nyuma nilirudi rivasi nikaigusisha kwenye kasha, ukabaki ufa mwembamba ambao sikuuhesabu. Akafungua skrubu mbili. Ndani, soketi ya balbu ilikuwa imeota ukungu wa kijani kama sarafu ya zamani, chini yake maji ya rangi ya chai yanayonuka mwaloni mtupu, na kwenye kioo limegandia gamba moja la sato, kavu. Maji ya barafu na samaki yalikuwa yanashuka kutoka kwenye bodi, yanapenya kwenye ufa, yanafika kwenye soketi. Kila nikikanyaga breki umeme unapigana na bodi la gari, fyuzi inakatika, na kule mbele gia inafunga. Yaani ufa wa nyuma ndio uliofunga mkono wa mbele. Akabadilisha soketi, akaziba ufa kwa silikoni, akanidai hela ambayo ningeona aibu kulalamika.

Kama fyuzi yako ni nzima na taa bado kimya, lala chali kwenye nafasi ya dereva, uangaze juu ya pedeli. Utaiona swichi na plagi yake. Ikiwa ni ya waya mbili tu, chomoa plagi, unganisha zile tundu mbili kwa kipande cha waya kwa sekunde moja. Taa zikiwaka, swichi ndiyo imekufa. Ikiwa ya waya nne, mwachie fundi umeme, usibahatishe.

Kuna na kituko cha upande wa pili. Kwenye pedeli kuna kipande kidogo cha raba au plastiki ambacho swichi inaegemea. Kikizeeka kinasagika, unakuta vipande kama makombo kwenye zulia. Hapo taa za breki zinawaka usiku kucha gari limezimwa, asubuhi betri imekwisha, na kwa kuwa selenoidi nayo inataka umeme, gia inagoma. Watu wanabadilisha betri, wiki ijayo wanabadilisha tena.

Taa zikiwa zinawaka vizuri, zima redio na feni, washa ufunguo bila kuwasha injini, weka sikio karibu na mkono wa gia, kanyaga. Ukisikia "tik", umeme unafika na tatizo ni la kubana hapo kwenye mkono. Nilimwona jamaa kwenye kivuko cha Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa 2025, gari lake likiwa la mbele kabisa limegoma kushuka na sisi wote tumefungiwa nyuma yake. Mwanawe alikuwa amemwaga soda kwenye mkono wa gia tangu wikendi. Kitufe kimeganda kama kashata. Usiposikia "tik" na taa zinawaka, hapo sasa fundi apime kama umeme unafika kwenye selenoidi yenyewe.

Halafu kuna kukwama kwa mlimani, watu wa Isamilo na Bugando wanakujua. P ndani ya giaboksi ni jino la chuma linaloingia kwenye gurudumu lenye meno. Ukiegesha kwenye mteremko na mzigo nyuma, ukaweka P kisha ukaachia breki, gari zima linalalia lile jino. Dalili yake ni kwamba kitufe kinazama, taa zinawaka, ila mkono umekaza, na ukitoka unatoka na "ko!" ya kukata roho. Usiuvute kwa mikono miwili, utakata kebo. Waite watu wasukume gari kidogo kuelekea juu, uvute mkono wakati huohuo mguu ukiwa tayari kwa breki. Siku nyingine, ukisimama weka N, vuta hendibreki, achia breki ya mguu gari likae kwenye hendibreki, ndipo uweke P.

Na mkono ukiwa unatembea kirahisi mpaka D, ile ya kwenda mbele, lakini gari liko palepale, hiyo ni bushi ya mwisho wa kebo, imevunjika. Si kesi yako.

Kesi yako mimi naishuku ile soketi ya tela. Waya zake lazima zimeungwa kwenye taa za breki, na kama ulishashusha boti, nyuma ya pikapu imeingia ziwani na soketi imeonja maji. Chomoa waya za soketi zote kwanza, weka fyuzi mpya ya namba ileile, kanyaga breki mtu akiangalia nyuma. Zikiwaka na "tik" ikasikika, mpigie fundi wako asije na jeki ya giaboksi, aje na testa. Ukishajaribu, weka hapa picha ya hiyo fyuzi ya zamani na ya namna walivyounga waya kule nyuma.